Kayumba, inglishi midiamu au shule ya serikali ya Kiingereza: mzazi wa kipato cha kawaida aangalie nini?

Kila mwaka ikifika Oktoba, uandikishaji wa awali na darasa la kwanza unapoanza, simu yangu haipoi. Wazazi wenye mtoto wa miaka mitano au sita, wengi wao wakiwa na kipato cha leo kipo kesho hakipo, wananiuliza swali lile lile: nimpeleke Kayumba au nijikamue nimpeleke inglishi midiamu? Wananiuliza mimi kwa sababu nafundisha hisabati kidato cha kwanza na cha pili katika shule ya kata hapa Dar es Salaam, na watoto waliopita njia zote hukutana kwenye madawati ya darasa langu.

Nilichojifunza kwa kuwatazama ni kwamba kipato cha mzazi hakimfuati mtoto kwa njia ya ada peke yake. Kinamfuata kwenye chai ya asubuhi, kwenye nauli, kwenye taa ya kusomea usiku, na kwa mtu aliyepo nyumbani saa mbili usiku anayeweza kufungua daftari na kuelewa kilichoandikwa. Mzazi anayelinganisha ada tu anaweza kulipa fedha nyingi na asipate alichokusudia. Mwingine anakimbilia kilicho bure, akaja kushangaa bure hiyo inavyomtoka kidogo kidogo.

Njia tunazolinganisha

Ya kwanza ni shule ya msingi ya serikali inayofundisha kwa Kiswahili, ile ambayo mtaani tunaiita Kayumba. Ya pili ni inglishi midiamu ya binafsi ya kiwango cha chini na cha kati, ambayo fundi cherehani, nesi au mwenye genge hujinyima ili ailipie. Ya tatu wengi hawaijui: shule za msingi za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza, kama Olympio na Diamond za Upanga, au Arusha School kwa walioko kaskazini. Shule za kimataifa zinazotoza kwa dola nimeziacha kwa sababu anayezimudu hakabiliwi na swali hili.

Vipimo vyangu ni vitano, na kila njia nitaipitisha humo: gharama yote ya mwaka, mwalimu anavyoweza kumfikia mtoto mmoja mmoja, lugha, njia ya kwenda na kurudi, na kile ambacho shule inategemea kikute nyumbani.

Gharama yote

Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001. Kisha Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ukaondoa ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne, kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 ikatangazwa kuwa kidato cha tano na cha sita nao hawatalipa ada. Hilo ni jambo kubwa, na limewafikisha darasani watoto ambao wasingefika. Lakini tuhesabu. Mtoto wa Kayumba anayepanda daladala moja kwenda na moja kurudi, kwa nauli ya mwanafunzi ya shilingi 200, anatumia 400 kwa siku. Kwa siku 194 za masomo hiyo ni shilingi 77,600. Akiunganisha magari mawili ni 155,200. Ongeza sare, viatu, madaftari, uji, mitihani ya majaribio na tuisheni ya jioni, ambayo kwingi hulipiwa kila siku kwa sarafu. Kwa mama anayepanga vitumbua asubuhi, hizo sarafu ndizo ada.

Upande wa shule nao una hesabu yake. Ulipoanza mpango wa elimu bila ada, ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Gawanya kwa zile siku 194, unapata kama shilingi 50 kwa siku, ya chaki, karatasi, ukarabati na vitabu. Mwalimu mkuu anapoitisha kikao kuomba wazazi wachangie uji, mara nyingi ni kwa sababu ya hesabu hiyo, wala si tamaa.

Inglishi midiamu za kiwango ninachozungumzia zipo za laki kadhaa na zipo za milioni kadhaa kwa mwaka. Uzuri wake ni kwamba gharama inaonekana mapema: unapewa karatasi yenye ada, basi, chakula, vitabu, sare ya kawaida na ya michezo. Ubaya ni kwamba tarehe ya ada haijui kama biashara yako ilidorora. Nina mwanafunzi ambaye baba yake, dereva wa bajaji, alimlipia vizuri miaka minne. Mwaka wa tano bajaji ikaibwa. Mtoto alirudishwa nyumbani muhula mzima, shule ikakataa kutoa uhamisho mpaka deni liishe, na alipopata nafasi Kayumba alikuwa hajui kusoma hesabu za mafumbo kwa Kiswahili. Mtoto huyo ana akili nzuri sana. Ule mwaka mmoja bado tunaulipa mimi na yeye, jioni, baada ya vipindi.

Shule za serikali za Kiingereza zinatoza, ila chini ya binafsi nyingi. Gharama yake iliyojificha ni mbili: umbali, kwa wengi wetu tusiokaa karibu na Upanga, na taarifa. Nafasi ni chache, kwa hiyo inabidi ujue fomu zinatoka lini, usaili wa mtoto ni lini na zinatakiwa nyaraka gani. Mfanyakazi wa ofisini anayajua haya kwa sababu mwenzake wa meza ya pili ana mtoto pale. Muuza mchicha wa Chanika anayajua mwezi mmoja baada ya nafasi kujaa. Taarifa nayo ni mtaji, na imegawanyika kama mitaji mingine.

Mwalimu na darasa

Kiwango kilichowekwa kwa shule za msingi ni wanafunzi 45 kwa darasa. Nenda Mbagala uone hali ilivyo: mikondo ya asubuhi na mchana, watoto wanne kwenye dawati la wawili au watatu. Mwalimu wa darasa kama hilo akitaka kusahihisha madaftari yote atalala shuleni. Kwa haki lazima niseme pia kwamba mwalimu huyo kwa kawaida amesomea ualimu, ameajiriwa kwa kudumu, na darasa la kwanza analifundisha kwa mwaka wa kumi au wa ishirini. Anajua kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu.

Katika inglishi midiamu za bei ya chini darasa ni dogo na mtoto anaonekana. Akikosa siku mbili unapigiwa simu. Lakini walimu wake wengi ni vijana wa mkataba wanaosubiri ajira za serikali, na ajira zikitoka mtoto wako anaweza kubadilishiwa mwalimu mara tatu kwa mwaka. Zipo shule za kati zinazowatunza walimu wao, na hapo ada yako inafanya kazi kweli. Uliza swali hili moja kabla ya kulipa: mwalimu wa darasa la kwanza ana miaka mingapi hapa?

Shule za serikali za Kiingereza zina walimu wa serikali na wazazi wenye sauti. Wazazi wakiona choo kimeharibika, kikao kinaitishwa wiki hiyo. Ni msaada ambao shule nyingi za pembezoni hazina, kwa sababu wazazi wake wako kazini kuanzia alfajiri na kukosa siku moja ni kukosa chakula.

Neno kuhusu matokeo. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, likieleza kwamba watoto hawasomi katika mazingira yanayolingana. Nadhani walifanya jambo la haki. Shule inayowachuja watoto kwa usaili, kisha ikawaambia wazazi wa wasiofanya vizuri wawahamishe kabla ya darasa la saba, itakuwa na wastani mzuri hata kama ufundishaji wake ni wa kawaida. Bango la ufaulu wa asilimia mia halikuambii walioanza darasa la kwanza walikuwa wangapi.

Lugha

Hapa ndipo ninapoumia zaidi, nisameheni nikikaa kidogo.

Mtoto wa Kayumba anayefika kwangu amesoma miaka saba kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo tu. Kidato cha kwanza, kwa mwezi mmoja, kila kitu kinageuka. Anayejua kutafuta eneo la duara akipewa nusu kipenyo anakaa kimya kwa sababu swali limeandikwa kwa maneno asiyoyajua. Alijifunza usanisinuru vizuri kabisa, sasa ubaoni kuna photosynthesis. Ile kozi ya awali ya Kiingereza tunayoanza nayo inasaidia, lakini wiki chache haziwezi kubeba kazi ya miaka saba. Aliyetoka inglishi midiamu ananyosha mkono, na darasa zima, pamoja na baadhi ya walimu, linaamini yeye ndiye mwenye akili. Nimeona watoto wakikubali hivyo kuhusu nafsi zao, na hilo linaniuma kuliko alama zenyewe.

Kwa hiyo inglishi midiamu ndiyo jibu? Si lazima. Mwaka wa pili picha hubadilika. Aliyejifunza kusoma na kufikiri kwa lugha anayoielewa, akishavuka lugha, mara nyingi anapanda kwa kasi. Aliyekaririshwa sentensi za Kiingereza na mwalimu ambaye mwenyewe hakimudu, anaongea vizuri lakini ukimuuliza kwa nini jibu ni hilo, hana la kusema, kwa lugha yoyote ile. Insha yake ya Kiswahili nayo inasikitisha. Zipo shule bado zinazomwadhibu mtoto kwa kusema Kiswahili uwanjani. Mimi nisingempeleka mwanangu huko hata kama ni bure.

Shule za serikali za Kiingereza zina sura ya katikati: Kiingereza ni cha kufundishia, na mara nyingi Kiswahili hakidharauliwi kwa sababu walimu wametoka mfumo ule ule wa Kayumba.

Hili la shule kufuata tabaka tulilirithi. Enzi za mkoloni shule ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, na hata kwa Waafrika shule ya Tabora ilikusudiwa kwanza wana wa machifu. Mwalimu Nyerere, mwana wa Chifu Burito, aliingia pale mwaka 1937. Baada ya uhuru mgawanyo wa rangi ulifutwa, na Sheria ya Elimu ya 1969 ikaweka shule nyingi za misheni mikononi mwa serikali. Baadaye, miaka ya 1990, shule za msingi za binafsi za Kiingereza zikaanza kuongezeka, na mgawanyo ukarudi ukiwa na bei.

Njia

Kayumba ya mtaani ina faida ambayo wazazi huidharau: mtoto anatembea na wenzake dakika kumi na kurudi kula nyumbani. Ikiwa mbali, anagombana na makonda wasiotaka kupakia wanafunzi wa shilingi 200, na anafika kipindi cha pili. Basi la binafsi linamchukua mlangoni, ila uliza saa. Mtoto wa miaka sita anayeamshwa saa kumi usiku ili azungushwe mitaa yote analala darasani, na unakuwa umelipia usingizi. Kwa Olympio au Diamond, kama unaishi Goba, hesabu masaa ya foleni kabla ya kufurahia nafasi.

Wanaofikiria bweni kukwepa haya yote, kumbukeni kwamba tangu Machi 2023 serikali imezuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Ni uamuzi ninaouunga mkono kwa moyo wote.

Nyumbani

Tafiti za Uwezo, zilizoanza kupima watoto wa Kenya, Tanzania na Uganda miaka kama kumi na tano iliyopita, ziliwaendea watoto majumbani kwao, na mara kwa mara zilionyesha mambo mawili: wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya darasa la pili, na watoto wa kaya zenye uwezo walikuwa mbele ya watoto wa kaya maskini.

Jiulize basi shule unayochagua inategemea nini nyumbani. Kazi ya nyumbani ya inglishi midiamu imeandikwa kwa Kiingereza. Kama nyumbani hakuna anayekisoma, utahitaji mwalimu wa tuisheni, na hapo ada imeongezeka. Kazi ya Kayumba bibi aliyeishia darasa la saba anaweza kuikagua. Nina mwanafunzi ambaye mama yake anauza samaki Feri. Kila jioni, mama akiwa anaparua magamba, mtoto alikuwa anamsomea ukurasa mmoja kwa sauti. Mama haendi haraka. Sentensi ikimkwama mtoto, anamwambia airudie. Mtoto huyo alikuja kidato cha kwanza akisoma kuliko wengi waliolipiwa mamilioni.

Sisemi kwamba umaskini unashindwa kwa bidii peke yake. Mama huyo alikuwa na mtoto mmoja tu na chumba chenye taa. Mwenye watoto watano na kibatari ana mlima mwingine, na si haki kumlaumu. Kwake, mambo yafuatayo ni msaada wa kweli: Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vya kusoma bila malipo, simu moja ya familia inatosha kuvifungua, Maktaba Kuu ya Taifa pale barabara ya Bibi Titi Mohamed ina sehemu ya watoto, na kama kaya yako imo kwenye mpango wa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, uliza kuhusu ruzuku inayoambatana na mahudhurio ya mtoto shuleni.

Kwa hali yako

Kama kipato chako kinapanda na kushuka na huna akiba ya angalau mwaka mmoja wa ada, anza na Kayumba iliyo karibu, na zile fedha ambazo ungezilipa kila mwezi zigawe: chakula cha asubuhi, vitabu vya hadithi vya Kiswahili, na mtu wa kumfundisha Kiingereza kuanzia darasa la tatu, siku mbili kwa wiki, kwa mazungumzo na kusoma. Hiyo ndiyo njia inayopunguza mshtuko wa kidato cha kwanza kwa gharama ndogo kuliko zote ninazozijua. Kabla ya kumwandikisha, tembelea shule mbili tatu za jirani, maana Kayumba hazifanani. Mwombe mtoto wa darasa la pili akusomee aya, kisha fungua daftari lake uone tarehe ya mwisho mwalimu aliposahihisha.

Kama mna mishahara miwili ya uhakika na Kayumba iliyo karibu ina watoto mia kwenye chumba kimoja, inglishi midiamu ya kati inakufaa, mradi walimu wake wanakaa na Kiswahili hakiadhibiwi. Chagua ada ambayo mshahara mmoja unaweza kuibeba. Nyumbani endelea kumsomea kwa Kiswahili.

Kama unaishi au unafanya kazi karibu na shule ya serikali ya Kiingereza, nenda mwenyewe ofisini kwao mapema, mwaka mmoja kabla, uulize utaratibu. Usisubiri kuambiwa. Ukikosa nafasi usihamie mbali kwa ajili yake.

Kama mtoto ana ulemavu, usidhani binafsi ndiyo salama. Shule nyingi ndogo hazina mwalimu wa elimu maalumu, wakati baadhi ya za serikali, Uhuru Mchanganyiko ikiwa mfano wa hapa mjini, zina uzoefu wa miaka mingi.

Kama fedha zako zinatosha kulipia hatua moja tu, msingi au sekondari, wenzangu wengi watakuambia uziweke sekondari. Mimi naona tofauti: asiyesoma vizuri akifika darasa la nne, sekondari ghali haimwokoi. Lakini kama Kayumba yako inafundisha kusoma vizuri, wao wako sahihi, ziweke fedha mpaka kidato cha kwanza.

Na kama tayari yuko inglishi midiamu na unaona mwakani hutaweza, mwone mwalimu mkuu kabla deni halijaanza, ombeni uhamisho kwa maandishi, na mhamishe mwisho wa mwaka. Epuka darasa la nne na la mwisho, kwa sababu ni madarasa ya mitihani ya kitaifa na usajili wake hufungwa mapema. Mwambie mtoto ukweli kwamba fedha zimepungua, asije akadhani amefeli. Kisha Desemba nzima, jioni baada ya chakula, pitieni naye kitabu cha hisabati cha Kiswahili cha darasa alilotoka, sura kwa sura, mpaka maneno ya jumla, tofauti, zao na kigawo yamkae mdomoni kabla shule hazijafunguliwa Januari.